PSPA kwa mkopo wa Bodi: deni la karibu milioni 13, mshahara wa kuanzia laki 8. Njooni na namba

Mpiga Hesabu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila msimu wa udahili swali ni lile lile: kijana kachaguliwa Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma, ile tunayoiita PSPA, Bodi ya Mikopo (HESLB) imempa mkopo, mzazi anataka kujua kama inalipa. Anajibiwa "siasa haina ajira, aende ualimu" au "elimu haimtupi mtu". Hakuna anayetoa hata namba moja. Mimi naanza nazo, mwenye za kwake anikosoe.

Deni kwanza. Mkopo wa HESLB hauji kama fungu moja, unakuja kwa vipengele. Tuchukue kijana wa miaka mitatu aliyepewa vyote.

Chakula na malazi ni 10,000 kwa siku (wa zamani mnaikumbuka 8,500). Bumu, yaani fungu la posho hiyo, la siku 60 ni laki 6. Yakiingia manne kwa mwaka ni milioni 2.4, kwa miaka mitatu milioni 7.2. Vitabu na viandikwa laki 2 kwa mwaka, jumla laki 6. Mafunzo kwa vitendo ni 10,000 kwa siku hadi siku 56, yaani 560,000. Tuweke fildi mbili, 1,120,000. Ada natumia milioni 1.3 kwa mwaka ili hesabu iende, jumla milioni 3.9. Kama chuo chako kina ada tofauti badilisha hapo tu.

Inakuja 12,820,000. Juu yake kuna asilimia 1 ya uendeshaji, inawekwa mara moja basi: 128,200. Deni ni 12,948,200.

Sasa mshahara. Serikalini mwenye shahada huanzia ngazi ya mshahara ya TGS D. Viwango hubadilika, kwa hiyo natumia msingi wa 800,000 kama mfano. Slipu yake itasomeka hivi:

Mshahara wa msingi: 800,000
PSSSF (pensheni) 5%: 40,000
PAYE (kodi ya mapato): 68,000
NHIF (bima ya afya) 3%: 24,000
Chama cha wafanyakazi 2%: 16,000
HESLB 15%: 120,000
Mkononi: 532,000

PAYE imetoka hapa: toa kwanza PSSSF, inabaki 760,000. Kwenye 270,000 za mwanzo hakuna kodi. Kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Zilizobaki 240,000 ni asilimia 20, yaani 48,000.

Angalieni ile 15%. Inakatwa kwenye mshahara wa msingi, si kwenye kinachobaki. Ukiipima kwa anachokipata mkononi kabla Bodi haijagusa, yaani 652,000, ni zaidi ya asilimia 18. Ndiyo maana wengi wakiona slipu ya kwanza wanadhani wameibiwa.

12,948,200 gawanya kwa 120,000 ni miezi 108. Miaka 9.

Karibuni.

Chuma cha Reli

Miaka 9 kwa ajili ya kusoma nani alisema nini kuhusu dola! Hiyo milioni 13 angenunua bodaboda nne, zimuingizie hesabu ya kila siku. Uzi ufungwe.

Mpiga Hesabu

Mkuu, hiyo milioni 13 hakuna anayekukabidhi ukanunue bodaboda. Bodi haikopeshi mtaji. Kijana asiyekwenda chuo hana milioni 13 mfukoni, ana sifuri na miaka mitatu ya kufanya kitu kingine. Linganisha hivyo, ndipo tuelewane.

Wakili wa Kata

Niongeze upande wa sheria, maana hapa ndipo watu wanapotishana kwa habari za zamani.

Bodi ipo kwa Sheria Na. 9 ya 2004. Makato yalikuwa asilimia 8, marekebisho ya 2016 yakayapandisha kuwa 15 ya mshahara wa msingi. Kulikuwa pia na tozo ya kulinda thamani, asilimia 6 kila mwaka, na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa. Zote mbili zilifutwa 2021. Mkiona mtu anasema "deni linazaa kila mwaka", anazungumzia enzi hizo. Leo deni la mleta uzi likikaa bila kuguswa mwaka mzima linabaki 12,948,200.

Kuhusu muda: mnufaika ana miezi 24 baada ya kumaliza masomo kabla ya kuhesabiwa mdaiwa sugu. Ila ukishaingia kwenye orodha ya malipo ya mwajiri usitegemee hiyo miezi 24 ikukinge. Mwajiri anatakiwa kuitaarifu Bodi ndani ya siku 28 tangu amwajiri mhitimu, na makato ayapeleke ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Akizembea, adhabu ni yake.

Aliyejiajiri: asilimia 10 ya kipato chake, isipungue laki moja kwa mwezi. Hapa ndipo penye maumivu. Mtu anayepata laki 4 kwa mwezi kwenye duka la vifaa vya simu, laki moja ni robo ya kipato. Mwenye ajira ya laki 4 angekatwa 60,000 tu.

Mama Sele

Asanteni kwa maelezo. Wa kwangu amepangiwa chakula, vitabu na fildi, ada hawajampa hata senti. Hapo deni linakuwaje?

Mpiga Hesabu

Mama, toa ile milioni 3.9. Inabaki 8,920,000, ongeza asilimia 1, inakuwa 9,009,200. Kwa makato ya 120,000 ni miezi 75 na chenji, miaka 6 na robo.

Lakini usifurahie haraka. Ile milioni 3.9 haijafutika, imehamia kwako. Deni la kwenye SIPA, akaunti yake ya Bodi mtandaoni, ni kitu kimoja, gharama ya shahada ni kitu kingine. Weka na pango: asipopata chumba cha chuo ni gheto, na mwenye nyumba wa Changanyikeni au Sinza anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, wakati bumu linakuja kwa mafungu na mara nyingine linachelewa. Kinachowaangusha wengi mwaka wa kwanza ni hizi wiki za katikati, si ukubwa wa ada. Tenga kodi ya miezi mitatu kabla hajaondoka nyumbani.

Na kama hamkuridhika na kiwango, dirisha la rufaa hufunguliwa baada ya upangaji. Rufaa hufanikiwa kwa karatasi mpya: cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, barua ya ulemavu, ushahidi kwamba sekondari alisomeshwa na mfadhili. Barua ya kulalamika peke yake hairudishi kitu.

Fundi wa Portal

Mleta uzi umepiga hesabu nzuri ila umeanzia pasipo. Umeanza na mshahara wa kwanza. Swali ni mshahara huo unaingia tarehe ngapi.

Chukua slipu yako hiyo hiyo, 532,000 mkononi. Mhitimu akikaa miezi 24 mtaani kabla ya kupata barua ya ajira, amekosa 532,000 mara 24, yaani 12,768,000. Ni karibu sawasawa na deni lote. Kwa hiyo miaka miwili ya kusubiri inamgharimu kama mkopo mzima, na hakuna bodi itakayomwandikia kwamba anadaiwa. Hili halionekani popote, ndiyo maana watu wanapigana na 15% na kuliacha.

Nini kinamrefushia mtu wa PSPA kusubiri? Nitaje ninayoyajua.

Jina la shahada. Tangazo la Afisa Tawala daraja la II linataka shahada yenye utawala ndani yake. PSPA inapita kwa sababu ya hilo neno la pili, Utawala wa Umma. Aliyesoma sayansi ya siasa akaichanganya na historia au lugha, bila utawala kwenye cheti, anajikuta akieleza kozi zake moja moja kwa mtu ambaye hana muda. Afisa Utumishi ni kesi nyingine: tangazo likitaja menejimenti ya rasilimali watu peke yake, PSPA inachujwa hata uwe na GPA ya 4.5. Afisa Mambo ya Nje anakubalika lakini nafasi ni za kuhesabu, na unagombea na watu wa uhusiano wa kimataifa, sheria na uchumi. Afisa Maendeleo ya Jamii wanataka sosholojia, maendeleo ya jamii na ndugu zao. Kwa hiyo milango ya kweli serikalini ni Afisa Tawala, Afisa Tarafa na Mtendaji wa Kata. Kijana ayasome matangazo ya miaka miwili iliyopita kwenye Ajira Portal (mfumo wa kuombea kazi serikalini) kabla hajathibitisha chuo, aangalie kipengele cha sifa za mwombaji neno kwa neno.

Karatasi. Sekretarieti ya Ajira haipokei hati za matokeo za muda wala slipu za matokeo za kidato cha nne na cha sita. Wanataka vyeti vyenyewe. Kuna mhitimu anamaliza Julai, mahafali Novemba, cheti kinatoka baadaye, tangazo linapita katikati. Afuatilie cheti siku ya kwanza kinapotoka. Jina likiwa Juma Ally Hamisi kwenye cheti cha NECTA na Juma A. Hamis kwenye kitambulisho cha NIDA, atengeneze hati ya kiapo au ya kubadili jina mapema, asingoje mpaka siku ya usaili.

Kuchagua kozi kwenye mfumo. Portal ina orodha ya kozi. Ukiweka kundi lisilo lako kwa sababu umeona jina linafanana, mchujo unakutoa na ujumbe unaokuja ni kwamba hukukidhi vigezo. Wengi wanalaumu koneksheni kumbe walibonyeza mstari wa juu yake.

Mtihani wa mchujo. Hapa watu wa PSPA wanajiangusha wenyewe. Wanakwenda na Machiavelli, wanaulizwa Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009, Sheria ya Utumishi wa Umma Sura ya 298, mamlaka ya nidhamu ya mtumishi fulani ni nani, barua ya wito ipite kwa nani, masijala inafunguaje jalada. Kwenye kupima utendaji wa mtumishi, mfumo wa PEPMIS umechukua nafasi ya OPRAS, bado mtu anaandika OPRAS. Kanuni na sheria hizi zinapatikana bure kwenye tovuti ya Utumishi. Wiki tatu za kuzisoma zina thamani kuliko muhula mzima wa nadharia za utandawazi, kwa lengo hili.

Kanzidata. Ukifaulu usaili na nafasi zikajaa, jina lako linahifadhiwa kwa mwaka mmoja. Mwaka huo ukipangiwa kituo Tunduru au Kakonko, nenda. Kukataa kituo ukiwa kwenye kanzidata ni kununua miezi 12 mingine kwa 532,000 kila mmoja.

Chuma cha Reli

Fundi umeshusha nondo, nimenyoosha mikono. Ila hujasema wangapi wanaomba nafasi moja.

Fundi wa Portal

Sina sababu ya kutaja namba ya kubuni. Fungua orodha ya walioitwa kwenye usaili wa Afisa Tawala, shuka chini uone inaishia wapi, kisha ulinganishe na idadi ya nafasi kwenye tangazo. Hiyo ndiyo takwimu yako, na ni ya mwaka husika.

Dada wa Mradi

Mmezungumza serikali tu. Upande wa mashirika na sekta binafsi hesabu ni nyingine.

Kwanza makato: NSSF asilimia 10 badala ya PSSSF 5, bima ya afya tuiache nje ya hesabu. Kwa 800,000 hiyo hiyo: NSSF 80,000, PAYE 60,000, HESLB 120,000, mkononi 540,000. Karibu sawa. Ila mhitimu wa PSPA binafsi mara nyingi haanzi na laki 8. Weka 500,000: NSSF 50,000, PAYE 14,400, HESLB 75,000, mkononi 360,600. Kwa deni lote la mleta uzi ni miezi 173, miaka 14 na miezi 5. Hapo ndipo namba inaanza kutisha kweli.

Pili mikataba. Kazi za miradi ni miezi 6, miezi 12, mfadhili akikunja mkeka umeisha. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, miradi mingi ya afya na utawala bora ilikatika ghafla, na USAID yenyewe ikafungwa rasmi Julai mwaka huo. Waliokuwa wasimamizi wa miradi sasa wanaomba nafasi ambazo zamani zilikuwa za wahitimu wapya. Ukimshauri kijana wa mwaka huu kwa soko la 2019 utampoteza.

Tatu, kinachomuuza mtu wa siasa huku si siasa. Ni ufuatiliaji na tathmini: kutengeneza dodoso kwenye KoboToolbox au ODK, kuweka masharti ili swali la 14 lisitokee kwa aliyejibu hapana kwenye la 13, kusafisha data kwenye Excel, kisha SPSS au Stata kiasi cha kutoa jedwali na kulielezea. PSPA ina kozi za mbinu za utafiti ambazo wenzake wanazikimbia kwa sababu zina takwimu. Azikumbatie hizo. Kuandika ripoti ya kurasa 5 inayosomeka, kwa Kiswahili na Kiingereza, ni silaha ya pili.

Na fildi. Bodi inakulipia siku 56 za kukaa kwenye ofisi ya watu. Wengi wanazimalizia wakitoa fotokopi halmashauri ya karibu na kwao. Aombe mahali penye tafiti, kama REPOA au Twaweza, au idara ya mipango ya halmashauri inayoandaa bajeti. Barua zipelekwe miezi mitatu kabla, si wiki ya mwisho.

Mwana wa Kitengela

Wasalimie kutoka Kenya. Mna bahati na hiyo riba ya sifuri. HELB, bodi yetu ya mikopo, ni asilimia 4 kwa mwaka, unatarajiwa kuanza kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza, na ukikaa kimya kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Chukua deni la 200,000: riba ya mwaka ni 8,000, faini ya mwaka ni 60,000. Yaani kunyamaza kunakugharimu mara saba na nusu ya riba. Halafu jina linapelekwa CRB, wanaoweka rekodi za wadaiwa, na ukitaka kuajiriwa serikalini unadaiwa cheti cha HELB pamoja na cha KRA (kodi), EACC (maadili na rushwa) na cha tabia njema.

Kwa hiyo kwetu ushauri wa kwanza kwa mhitimu wa siasa asiye na kazi ni kuwaandikia HELB kwamba hana kipato na kukubaliana nao kiasi kidogo. Usinyamaze.

Mpiga Hesabu

Shukrani jirani. Na hapo kuna jambo la kutumia huku. Deni lisilo na riba, wakati mfumuko wa bei wetu umekuwa ukizunguka asilimia 3, linapungua uzito lenyewe. Zile 120,000 za mwaka wa tisa si 120,000 za leo. Nimezirudisha zote 108 kwenye thamani ya leo kwa asilimia 3, zinakuja kama milioni 11.3. Kwa hiyo anayekimbilia kulimaliza mapema anaipa Bodi zawadi.

Karani wa Mishahara

Nisisitize hilo maana kuna biashara mbaya inaendelea maofisini. Mtumishi mpya anakopa benki, riba zaidi ya asilimia 10, ili "atoke kwenye HESLB" na slipu ipendeze. Ametoka kwenye deni la riba sifuri akaingia kwenye deni la riba. Usifanye hivyo.

Ila upande wa pili kuna ukweli pia. Serikalini mtumishi lazima abaki na theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwa 800,000 ni 266,667. Slipu ya mleta uzi ina mkononi 532,000, kwa hiyo rejesho kubwa kabisa la benki ni 265,333 kwa mwezi. Bila HESLB lingekuwa 385,333. Mwenye mpango wa kujenga mapema ajue 15% inapunguza uwezo wake wa kukopa kwa karibu theluthi. Anayeona hiyo 120,000 inamzuia kweli, na deni limebaki la miezi sita au saba, anaweza kulimalizia kwa akiba yake. Kwa akiba, si kwa mkopo.

Wakili wa Kata

Nakubaliana na Mpiga Hesabu kwa sharti moja. Msijenge maisha ya miaka 9 mkiamini masharti hayatabadilika. 2016 watu walikuwa wameshasaini kwa asilimia 8, wakaamka na 15. Riba sifuri ni ya leo.

Mama Sele

Na akishindwa masomo katikati? Au makato yakikosewa? Maana nasikia mengi.

Karani wa Mishahara

Mama, akidisco mwaka wa pili anadaiwa kila alichopokea mpaka siku hiyo, bila shahada ya kulipia. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwenye uzi huu. Kama anaumwa au ana tatizo kubwa, aahirishe masomo kwa barua rasmi ya chuo, asiache tu kuingia mitihani.

Kwenye makato nimezoea kukutana na matatizo ya aina tatu.

Moja, slipu inaonyesha makato lakini deni halishuki. Mwajiri anakata, hapeleki, au anapeleka kwa jina bila namba ya mtihani wa kidato cha nne. Bodi inamtambua mnufaika kwa namba hiyo, ile ya S, namba ya shule, namba ya mtahiniwa na mwaka. Majina ya Kitanzania yanafanana mno. Kijana ampe mwajiri namba hiyo kwa maandishi siku anayoripoti, na kila baada ya miezi mitatu alinganishe slipu na taarifa ya deni kwenye akaunti yake. Ikipishana, apeleke slipu za miezi husika Bodi. Asizitupe slipu, hata za kielektroniki azipakue, maana akihama mwajiri huenda asizione tena.

Mbili, anahama kazi. Mwajiri mpya anasubiri Bodi, Bodi haijui amehama, miezi minane inapita bila makato na mtu anafurahia. Hakuna riba, sawa, lakini muda wa deni umesogea na anahesabika hajalipa. Atoe taarifa mwenyewe.

Tatu, deni limeisha, makato yanaendelea. Hili lipo sana serikalini kwa sababu kusimamisha makato kunahitaji taarifa ifike kabla ya mishahara ya mwezi kufungwa. Deni likibaki la miezi miwili au mitatu, aandike Bodi kuomba usitishaji. Kilichozidi kinarudishwa kwa maombi, akiambatanisha slipu.

Anayelipa mwenyewe achukue kumbukumbu namba ya malipo kwenye mfumo wa Bodi, alipe benki au kwa simu. Asimpe mtu fedha taslimu akamlipie.

Kijana wa Hombolo

Kuna njia hamjaigusa. Mtendaji wa Kijiji daraja la III anaajiriwa kwa astashahada ya utawala, sheria, maendeleo ya jamii, usimamizi wa fedha na nyingine za jamii hiyo, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa. Anaanzia TGS B. Mshahara ni mdogo kuliko D, ndiyo. Lakini kaingia kazini miaka miwili au zaidi kabla ya mwenzake wa shahada, deni hana au dogo, na baadaye anaomba ruhusa ya kusoma akiwa mtumishi, mshahara ukiendelea. Ukitumia ile hesabu ya Fundi ya tarehe ya mshahara wa kwanza, huyu anaweza kuwa mbele mpaka umri wa miaka 30.

Fundi wa Portal

Ni hoja nzito. Tahadhari yake: akishamaliza shahada habadilishwi cheo siku hiyo hiyo. Kubadilishwa muundo kunategemea nafasi kwenye ikama, bajeti na kibali, na wapo wanaokaa na shahada mkononi wakiwa bado TGS B. Asome kwa ruhusa ya mwajiri iliyoandikwa, na kozi iwe inayolingana na muundo wa utumishi anaoutaka. Ukienda kimya kimya, ukirudi na cheti unaambiwa hakimo kwenye mpango wa mafunzo.

Na kwa anayetaka kubaki chuoni kufundisha: mkufunzi msaidizi anaanzia GPA ya 3.8. Kama mwaka wa kwanza umemaliza na 3.1, fanya hesabu ya masomo yaliyobaki kabla ya kujenga ndoto hiyo.

Chuma cha Reli

Swali la mwisho kabla sijalala. Akipata kazi Muscat au Dubai deni linamfuata au linabaki uwanja wa ndege?

Karani wa Mishahara

Linamfuata. Huko hakuna mwajiri wa kumkata, kwa hiyo analipa mwenyewe kila mwezi kwa namba ya malipo, akiwa huko au kupitia akaunti ya benki ya nyumbani. Asipofanya hivyo atalikuta lote siku atakayorudi kuajiriwa, na ile 15% itaanza upya kwenye slipu ya kwanza.

Mama Sele

Nimeelewa. Kabla ya kuthibitisha chuo nitaangalia cheti kinaandikwaje, nisome matangazo ya Afisa Tawala, kisha tukate rufaa ya ada. Rufaa inaambatanishwa nini tena kama baba yake ni mgonjwa wa muda mrefu, si marehemu?

Mpiga Hesabu

Taarifa ya daktari kutoka hospitali ya serikali yenye mhuri, ikieleza ugonjwa na kwamba hawezi kufanya kazi, pamoja na barua ya serikali ya mtaa wenu inayothibitisha hali ya kaya. Kama alikuwa mwajiriwa, weka na barua ya mwajiri ya kusitisha ajira kwa ugonjwa. Soma mwongozo wa rufaa wa mwaka huu kwanza, fomati na ukubwa wa mafaili vinabadilika, na faili lisilosomeka linahesabika halikuwekwa. Piga picha mchana, karatasi ikiwa mezani, pembe zote nne zionekane.

Mama Sele

Sawa baba. Kesho asubuhi niko hospitali.